Wimbo wa Kupanga Ndani ya Gemu

Eli: Karibuni tena. Tuko Arusha, mawingu yameachia na Meru imejitokeza. Mimi ni Eli.

Neema: Na mimi Neema. Habari za huko mliko.

Eli: Leo naanzia banda la gemu, Ngarenaro, nikiwa darasa la sita. Unalipa, unapewa pedi ya kuchezea, muda ukiisha unapisha. Mimi nilikuwa naingia kwenye gari ndani ya gemu ya GTA, Grand Theft Auto, ile ya Vice City, naegesha karibu na ufukwe, nasikiliza redio. Billie Jean ya Michael Jackson niliisikia mara ya kwanza mle.

Neema: Yaani hela ya gemu unaimalizia kwenye redio?

Eli: Yote, dada. Wenzangu nyuma wanapiga kelele. Lakini mpaka leo wimbo ule ukipigwa kwenye daladala la Sakina, naiona ile barabara ya usiku yenye taa za rangi. Gemu ilitoka 2002, ila hadithi yake ni ya 1986, na nyimbo ndizo zilizokuwa zinatuingiza kwenye mwaka huo. Sasa, toleo la simu lilipokuja 2012, Billie Jean haimo.

Neema: Wenye gemu wimbo ule walikuwa wameupanga, kama chumba, hawakuununua. Na ni nyumba yenye wenyewe wawili: kuna haki ya waliotunga, na kuna haki ya mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni. Mmoja akikataa, huingii. Wakikubali wote, mkataba bado unaweza kuwa na tarehe ya mwisho.

Eli: Gemu nyingine ya GTA, GTA IV, ilitoka 2008. Aprili 2018, leseni za miaka kumi zikaisha, nyimbo nyingi zikatolewa, hasa kwenye kituo chake cha Kirusi, Vladivostok FM. Zikawekwa nyingine. Na aliyekuwa ameshainunua mtandaoni, sasisho lilipofika likazitoa kwake pia.

Neema: Hilo linaniuma. Mtu kalipa, kalala, kaamka redio imebadilishwa. Alan Wake ndiyo ilipata makubwa zaidi: Mei 2017 gemu nzima iliondolewa sokoni kwa sababu ya leseni za muziki, ikarudi Oktoba 2018 zilipopatikana upya. Mimi nataka tarehe iandikwe kwenye jalada, kama maziwa. Mnunuzi ajue.

Eli: Na msanii? Mwaka 2024 Martyn Ware wa bendi ya Uingereza, Heaven 17, alisema hadharani kwamba waliombwa wimbo wao wa 1983 uingie GTA VI, kwa dola 7,500, bila mrabaha tena hapo mbele. Akakataa.

Neema: Alifanya vizuri.

Eli: Kwake yeye, ndiyo. Lakini chalii wa Sombetini mwenye ngoma moja, hela hiyo ni kodi ya chumba ya miaka. Akikubali simlaumu. Ninachotaka ni asaini akijua anauza nini.

Neema: Wengi wetu hatufiki hata kwenye kusaini, Eli, na si kwa sababu ya lugha. Gemu ya Civilization IV ya 2005 inafunguliwa na Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin, na ulishinda Grammy 2011. Maneno tunayosali kila Jumapili! Kwa hiyo masikio yapo. Kinachokosekana ni karatasi.

Eli: Karatasi ipi?

Neema: Juzi kijana mmoja kaniletea ngoma. Nzuri, kaka, nimeirudia mara nne. Kiitikio kaimba bibi yake, kwa Kimaasai, sauti imekauka kidogo na ndiyo utamu wenyewe. Nikamuuliza, biti ya nani? Ametoa YouTube. Bibi mlikubaliana nini? Hajawahi kumuuliza.

Eli: Ikija barua ya kampuni ya gemu hapo…

Neema: Swali la kwanza ni nani anamiliki nini, na dili linafia hapo. Ukishakuwa na majibu, unaisajili kazi COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, angalau pawe na kumbukumbu. Biti tumekubaliana inapigwa upya, prodyuza amepatikana, na majina na asilimia vinaandikwa kabla mtu hajatoka studio.

Eli: Na bibi?

Neema: Jumamosi tunaenda kwake Monduli. Nimenunua daftari.