Ovaholi ya Massey Ferguson 135: ile kamba ya nyuma usiikate

Haya, karibuni watazamaji. Leo tuko Malindi, na hii mbele yenu ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins AD3.152, pistoni tatu, lita 2.5. Ni trekta ya zamani, lakini ukipita Langobaya au Magarini masika yakikaribia utaikuta shambani inavuta jembe. Injini yake ikichoka haitupwi. Inafunguliwa, inapimwa, inafungwa upya, ndiyo ovaholi. Na kamba ninayoisema ni ile ya kuzuia oili nyuma ya injini, tutaifikia.

Kwanza hakikisha imechoka kweli. Moshi mweusi peke yake si ovaholi, pengine ni nozo, kile kinyunyizio cha dizeli, au filta ya hewa iliyoziba. Wewe fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, uweke kiganja. Ikikupulizia moshi kwa kishindo, na bomba linatoa moshi wa buluu, na kila siku unaongeza oili, basi ringi za pistoni na silivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimekwisha.

Kumwaga maji na oili, kutoa boneti, tangi, rejeta, nyaya na mabomba, hayo mnayajua. Sipotezi muda wenu.

Lakini hapa simama. Trekta hii haina chesisi, injini yenyewe ndiyo mwili. Ukiitenganisha na giaboksi, sehemu ya mbele inabaki inaning'inia kwenye pini moja ya ekseli, nayo hulalia upande. Kwa hiyo kabla ya kulegeza bolti hata moja, piga kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na mkono wake, kushoto na kulia. Jeki moja chini ya giaboksi, nyingine chini ya injini, na zote zikae juu ya ubao. Mchanga wetu huu unameza jeki.

Injini ikishatoka, fungua hedi ya juu, sampu (bakuli la oili la chini) na konrodi (mikono ya pistoni), sukuma pistoni zitoke juu. Kila kepu ya konrodi na ya beringi kubwa, zile zinazobeba krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ina namba yake, rudisha pale pale ilipotoka na upande ule ule.

Sogeza kamera hapa, kijana. Hapana, bati linamulika, njoo upande wa kivuli. Sawa. Mnaona huu ukingo juu ya silivu? Ukucha unakwama. Hiyo ni kazi ya mchanga. Na umeingilia wapi? Hapa, kwenye mpira huu unaotoka filta ya hewa, ile ya bakuli la oili, kuja manifoldi, njia ya hewa ya injini. Umepasuka kwa chini, kwa juu unaonekana mzima. Kaskazi ikivuma na shamba ni kavu, injini inavuta vumbi lote bila kuchujwa. Ukifunga silivu mpya ukaacha mpira huu, umechoma pesa. Nunua mpira mpya na klipu zake.

Krenki ipeleke kwa fundi wa lezi, Mombasa wapo wengi. Ipimwe kwa maikromita. Ikisagwa inashuka kwa hatua: 10, 20, 30, yaani elfu za inchi. Beringi usizinunue mpaka krenki irudi na uambiwe imesagwa ngapi. Hedi nayo ikaguliwe nyufa kati ya valvu, ndipo inapopasukia.

Silivu za injini hii ni kavu, maji hayazigusi. Zipo zilizokamilika na zipo za kuchongwa baada ya kuingizwa, basi uliza kabla ya kulipa. Mimi napenda za chuma cha kalibu, zinashika oili vizuri. Zisukumwe kwa presi, si kwa nyundo. Kisha chukua ringi, ingiza moja moja ndani ya silivu bila pistoni, ilaze sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Fuata karatasi ya maelezo inayokuja na seti ya vipuri. Ringi ambayo ncha zake zinagusana itakwama injini ikipata moto.

Sasa tumefika penyewe. Sili ya nyuma ya krenki, kizuizi cha oili. Injini nyingi za aina hii hazina sili ya mpira, zina kamba, vipande viwili, ndani ya nyumba mbili za nusu duara. Tazameni mkono wangu. Nyumba iko kwenye vaisi, mfereji juu. Kamba inaonekana ndefu kuliko mfereji. USIIKATE. Anza na ncha: laza kama sentimita mbili na nusu kila upande, kila ncha ichomoze milimita 0.25 hadi 0.50 juu ya uso wa nyumba. Katikati itabaki imejikunja kama daraja. Iache. Halafu kwa kidole gumba ibonyeze kuanzia katikati kwenda pande zote mbili, mwisho viringisha chuma cha mviringo mpaka ikae. Zile ncha zinashikilia, kamba inashindiliwa ndani. Hiyo ndiyo siri yake.

Kijana, kamera yako imepiga picha kichwa changu. Rudi, nairudia kwa kipande cha pili. Ncha kwanza, katikati mwisho, na wembe uwe mbali. Fila geji hii hapa: 0.40. Vizuri. Ukiikata iwe sawa na chuma, nyumba mbili zikikutana panabaki upenyo, oili inapita mpaka kwenye klachi, na trekta inapasuliwa tena katikati kwa ajili ya kamba tu. Paka grisi ya grafaiti kwa ndani, funga bolti kwa vidole, zungusha krenki mara kadhaa, ndipo ukaze. Itakuwa nzito kidogo, isikutishe.

Beringi kubwa kaza paundi 110, yaani paundi-futi kwenye spana ya kupimia. Konrodi zina bolti za aina tofauti, soma karatasi yako. Ringi zipishanishe mianya. Gia za taimingi, alama kwa alama.

Upepo umeanza. Lete shuka tufunike bloku. Punje moja ya mchanga kwenye beringi inatosha kuikwangua krenki.

Hedi: kaza kutoka katikati kwenda nje, paundi 20, kisha 40, kisha 60. Mwanya wa tapeti, pale valvu zinaposukumwa, milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Nozo kila moja na washa yake moja mpya, ile pete bapa ya chini yake. Washa ya zamani ikibaki shimoni, zitakuwa mbili.

Oili ya dizeli, jaza mpaka alama ya juu. Vuta waya wa kuzimia injini, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Rudisha waya, sasa toa hewa kwenye njia ya dizeli: pampu ya mkono, legeza skrubu ya filta, kisha zile za pampu ya nozo, mwisho nati za nozo huku stata inazunguka. Mapovu yakiisha, kaza.

Imewaka. Sikilizeni hiyo.

Ikipata moto, izime, kaza hedi tena paundi 60, upime tapeti upya: ikiwa moto ni 0.25. Usiiache ikinguruma bure siku nzima, ringi hazitakaa. Ipe kazi nyepesi, trela au haro, na oili hii imwage kati ya saa 25 na 50 za kazi. Siku hiyo chungulia tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Likiwa kavu, kamba yako imekaa.