Ukiuliza Amani Utajibiwa Juhudi: Kiongozi wa Serikali na Maswali ya Bungeni

(Mhadhara kwa madiwani na watendaji wa kata, Kigoma Ujiji)

Waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji, shikamooni wazee wetu, na vijana mliokaa huko nyuma hamjambo.

Mada niliyopewa ni jinsi kiongozi wa Serikali anavyojibu maswali bungeni kuhusu usuluhishi wa amani na utawala wa umma. Huko Dodoma hizo ni mada mbili, na kila moja ina wizara yake. Hapa mwisho wa reli ni mada moja. Vurugu za Burundi za mwaka 2015 hazikutufikia kama habari ya siasa. Zilifika kama maelfu ya watu waliorundikana Kagunga, kijiji kisicho na barabara ya maana, kisha kipindupindu, kisha meli ya MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta watu mjini. Kuanzia hapo swali la amani likawa swali la vyoo, madawati, kuni na askari wa zamu.

Ndiyo maana nasema mbunge akiuliza amani atajibiwa kwamba juhudi zinaendelea. Akiuliza madawati, yupo ofisa ambaye usiku ule halali mpaka apate idadi.

Tuanze na msingi wa kisheria, nao ni mfupi. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hayo maneno ya mwisho ndiyo wengi wanayaruka. Waziri wetu hana wajibu juu ya dhamira ya kundi la waasi Kivu ya Kusini, wala juu ya siku ambayo serikali ya nchi nyingine itatimiza ahadi yake. Wajibu wake ni kile ambacho Tanzania imefanya, haijafanya, au imekiwekea saini. Ibara ya 52 nayo inamkabidhi Waziri Mkuu usimamizi wa kazi za Serikali za siku hata siku, na inamfanya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Kwa hiyo waziri anajibu kwa ajili ya wizara yake, Waziri Mkuu anajibu kwa ajili ya wote.

Maswali ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu, yale ya papo kwa papo, ni chombo cha sera. Hajapewa swali mapema. Ukimwuliza siku hiyo visima vingapi vimechimbwa Kakonko, umempa mlango wa kutokea: atasema jambo hilo linahitaji takwimu, waziri wa sekta atalitolea maelezo. Hajakosea, wewe ndiye uliyechagua chombo kibaya. Alhamisi mwulize msimamo: Serikali inaendelea kushikilia kwamba mkimbizi anarudi kwao kwa hiari, ndiyo au siyo? Hapo jibu lake linaifunga Serikali nzima, na litanukuliwa mwaka mzima.

Swali la kawaida lenye namba ndilo chombo cha idadi. Njia yake ni hii. Linatoka kwa mbunge kwa maandishi, linapita Ofisi ya Bunge, linapelekwa serikalini, linafika wizarani, na likigusa halmashauri linashuka TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi, kwa mkuu wa idara, na mwisho kabisa linaingia kwenye simu ya mtendaji wa kata: "Naomba idadi ya madarasa kabla ya saa nane." Jibu la Serikali linazaliwa hapo. Ikiwa mtendaji ametaja madarasa tisa bila kusema manne hayana paa, Naibu Waziri atasimama mbele ya taifa na kusema madarasa tisa. Hatakuwa amedanganya kwa kukusudia, lakini wananchi wa kata ile wakisikiliza redioni watamwona mwongo. Mtendaji, ukijibu simu ile andika tarehe, andika hali ya jengo, bakiza nakala.

Tarehe ndiyo inayoleta aibu mara nyingi. Takwimu za wakimbizi zinabadilika kila wiki: wapo wanaorejea, wapo wanaozaliwa, wapo waliotoka kambini bila kibali na bado wamo kwenye orodha. Wizara ya Mambo ya Ndani ikitumia hesabu ya mwisho wa Juni na halmashauri ikatumia ya mwisho wa Desemba, namba mbili zitagongana ndani ya ukumbi mmoja na kila upande utadhani mwenzake anaficha kitu. Jibu zuri hubeba maneno "hadi kufikia tarehe". Yakikosekana, swali la kwanza la nyongeza ni hilo.

Sasa tuchukue mfano tuupasue. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifungwa mwaka 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta, Kibondo. Tuseme mbunge ameandika: "Je, Serikali ina mpango gani na majengo yaliyoachwa kambini?" Swali hili ni bovu, ingawa linasikika vizuri. "Mpango gani" hujibiwa na mpango wowote, hata ule ulioandikwa jana yake jioni. Liandike hivi: "Je, ni majengo mangapi ya iliyokuwa Kambi ya Mtendeli yamekabidhiwa kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kakonko kwa hati ya makabidhiano, na yapi hayajakabidhiwa?"

Neno zito hapo ni hati. Jengo lisilo na hati haliingii kwenye rejesta ya mali ya halmashauri. Lisipoingia kwenye rejesta, Mkurugenzi akilitengea fedha ya ukarabati anajitafutia hoja ya ukaguzi. Basi linakaa. Mvua za masika mbili, mabati yanaanza kupungua moja moja, na ukiuliza nani kayachukua hakuna mlinzi kwa sababu hakuna mwenye mali. Kosa hapo si uvivu wa mtu. Ni karatasi moja ambayo haikusainiwa.

Na visima vya kambini? Hapo wabunge wengi hupotea njia. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na RUWASA iko chini ya Wizara ya Maji. Swali la pampu ukilipeleka TAMISEMI litarudishwa, na kikao kitakuwa kimepita. Ardhi iliyokuwa ya kambi ina wizara yake. Uraia ni Uhamiaji, chini ya Mambo ya Ndani, ambako pia ndiko iliko idara inayohudumia wakimbizi. Mazungumzo na nchi jirani ni Mambo ya Nje. Kambi moja, wizara tano. Mbunge asiyejua hilo anajaza yote kwenye swali moja lenye vipengele (a), (b) na (c), kisha anajibiwa kipengele kimoja tu kwa ufasaha.

Jibu nalo lina lugha yake, na inafaa kuisikia kwa masikio mawili. Linaanza kwa heshima zake, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo," na hayo ni mapambo tu. "Serikali inatambua" maana yake hakuna aliyebisha. "Upembuzi yakinifu unaendelea" maana yake ujenzi haumo kwenye bajeti ya mwaka huu. "Kadri fedha zitakavyopatikana" maana yake hazijatafutwa. "Imetengewa" ni neno la bajeti, "imetolewa" ni neno la hazina, na kati ya hayo mawili kuna safari ndefu kuliko ile ya treni ya Dar es Salaam. Ukisikia "imetengewa", swali la nyongeza liko mdomoni tayari: mpaka leo imetolewa kiasi gani? Mwuliza swali ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Wengi huitumia moja kushukuru na ya pili kuomba barabara ya kwingine kabisa. Hasara tupu.

Turudi kwenye usuluhishi wenyewe. Kwa nini jibu la Waziri Mkuu kuhusu mazungumzo ya amani huwa fupi? Tusiharakishe kusema anakwepa. Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere aliusuluhisha mpaka alipofariki Oktoba 1999, akapokea Mandela. Pande zilizosaini zilikuwa 19. Msuluhishi mwenye pande 19 mezani akisema bungeni upande gani umelegeza nini, kesho upande huo unakaza tena, kwa sababu Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, inasomwa Bujumbura kama inavyosomwa Dodoma. Na hata baada ya Arusha, makundi mawili makubwa ya wapiganaji yalikuwa nje ya mkataba. CNDD-FDD waliingia kwa makubaliano ya Novemba 2003 na Palipehutu-FNL wakasaini kusitisha mapigano Septemba 2006, yote mawili Dar es Salaam. Aliyekuwa akidai mwaka 2001 aambiwe bungeni "vita imekwisha au haijaisha" alikuwa anadai jibu ambalo hakuna mtu aliyekuwa nalo.

Lakini mkataba ukishasainiwa usiri unapungua. Itifaki ya nne ya Arusha inagusa kurejea kwa wakimbizi na mali zao, na hapo kila kifungu kinaulizika: nani alirudi, kwa hati ipi, akapata shamba lake au hakupata. Burundi waliunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006 kwa sababu hiyohiyo. Waliorudi na kukuta shamba lina mtu mwingine, baadhi yao walivuka tena kuja kwetu.

Serikali zinazozaliwa na mikataba ya amani zina tatizo lingine la kujibu: midomo ni miwili. Ireland ya Kaskazini, baada ya mkataba wa Aprili 1998, Waziri Kiongozi na Naibu wake hutoka pande mbili na wana madaraka sawa. Ofisi ni moja, kwa hiyo jibu lazima wakubaliane. Mmoja akijiuzulu ofisi inasimama. Ilitokea mwaka 2017, na serikali ikarudi Januari 2020. Zanzibar, kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyotokana na mabadiliko ya Katiba ya 2010, walilitatua kwa namna nyingine: Makamu wa Pili wa Rais ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo mwenye kujibu anajulikana. Mimi naona mpango wa Zanzibar ni mwepesi zaidi kwa mwuliza swali, ingawa unampunguzia sauti Makamu wa Kwanza.

Jambo la karibu zaidi na ninyi. Mwaka 2025 Burundi walipunguza mikoa yao kutoka 18 hadi mitano. Makamba na Rutana sasa ziko ndani ya Burunga, Ruyigi na Cankuzo ndani ya Buhumuza. Mikutano ya ujirani mwema tuliyozoea kuiandikia barua kwa gavana wa Makamba, barua hizo sasa zinakwenda kwingine. Swali la bungeni kuhusu wizi wa mifugo mpakani au kituo cha Mabamba likitaja mkoa ambao haupo tena, litajibiwa kwa kurekebishwa, na rekebisho ndilo litakalobaki kwenye kumbukumbu badala ya jibu.

Na wenzetu wa Tabora wana somo la Ulyankulu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, takriban 162,000 kati yao walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Siku ile cheti kilipotoka, yule mtu alihama kutoka kwenye swali la Mambo ya Ndani akaingia kwenye la TAMISEMI: kata, kijiji, mwenyekiti, diwani. Leo Ulyankulu ni jimbo lenye mbunge wake, na mbunge huyo anauliza barabara na zahanati kama mwingine yeyote.

Kuhusu muda, Bunge la bajeti linaanza Aprili na mwaka wa fedha unaanza Julai. Swali lenye kudai fedha likifika Juni limechelewa mwaka mzima. Halmashauri inapanga makadirio yake miezi kadhaa kabla, kwa hiyo diwani anayetaka mbunge aulize jambo la kata yake ampelekee idadi, tarehe na nakala ya barua kabla ya Krismasi, si mwezi ambao mbunge anapanda basi la Dodoma.

Kipaza sauti kiko hapo kwa mama. Anayeuliza ataje kwanza kata yake, na wizara anayodhani inahusika.