Kapu la Vipande: Mhadhara Kuhusu Kushona Mfarishi Bila Mchoro

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaendelea, naomba mfarishi huu, yaani tandiko hili la kujifunika lililoshonwa kwa vipande vya nguo, uzunguke. Ushikeni, ugeuzeni nyuma, pitisheni vidole kwenye mishono. Msiogope kuuchafua, umeshafuliwa mara nyingi sana.

Kazi hiyo haikutanguliwa na mchoro. Sikuhesabu miraba wala kununua kitambaa kwa ajili yake. Vyote vilivyomo vilitoka kapuni: mkono wa shati, pindo la gauni lililofupishwa, kipande cha pazia, foronya iliyotoboka katikati lakini pembe zake bado nzima. Nilichukua vipande viwili, nikaviunganisha, nikavitazama, nikatafuta cha tatu kinachovifaa. Nikaenda hivyo hivyo hadi mwisho. Watu wakisikia habari hii hudhani nashona ovyo ovyo, na leo nimekuja kuwaeleza kwamba katika kazi zote za sindano ninazozijua, hii ndiyo inayodai macho zaidi. Na raha yake yote imo humo, katika kutazama.

Nianze na neno lenyewe, kiraka. Kwa Kiswahili limebeba aibu. Kiraka huficha tundu. Mtu akivaa nguo ya viraka tunamhurumia, barabara ikitiwa viraka tunanung'unika. Nijuavyo mimi ni mpirani tu ambako neno hili limepewa heshima: mchezaji kiraka ni yule anayepangwa nafasi yoyote na akaimudu. Hayo ndiyo matumizi ninayoyapenda. Kipande cha kijivu kisicho na sura, kilicholala kapuni miaka, siku moja unakiweka kati ya nyekundu na manjano zinazogombana, na ugomvi unakwisha. Hukujua kwamba kina kazi hiyo. Chenyewe hakikuwa na uzuri wowote mpaka kilipopata majirani.

Kwa wageni wa kazi hii, mfarishi una tabaka 3: uso wa vipande, pamba au blanketi kuukuu katikati, na bitana chini, kisha mishono inayopenya tabaka zote ili zisitembee. Hayo mtayajua haraka. Nataka tukae zaidi juu ya uso.

Nyumbani nimetundika blanketi ukutani. Kipande cha pamba ukikibandika pale kinang'ang'ania chenyewe bila pini. Nakibandika, narudi nyuma hatua 5 au 6, nafinya macho. Ukifinya macho rangi zinafifia, unabaki na kiza na nuru, na hapo ndipo unapoona ukweli. Nyekundu na kijani zilizokolea sawasawa, ambazo ulidhani zinapingana, zinageuka doa moja jeusi. Ukipiga picha ya simu isiyo na rangi utaona jambo hilo hilo. Wengi wetu tunachagua vitambaa kwa rangi, lakini kinachoupa mfarishi uhai ni kukolea na kupauka kwake. Kapu lisilo na vipande vilivyopauka litakusumbua. Kusanyeni mashati meupe yaliyochakaa, vitambaa vya rangi ya maziwa, bluu iliyofuliwa ikabaki kivuli chake. Kitambaa kilichochoka kina upole ambao kipya hakiwezi kuuiga. Wahenga waliposema usitupe mbachao kwa msala upitao, naona walijua.

Sasa tazameni pale karibu na pembe ya kushoto, huyo aliyeushika awaonyeshe wenzake. Kuna mstari mwekundu mwembamba, upana wake haufiki kidole. Upande ule ulikuwa bluu juu ya bluu, umetulia, na umekufa. Nilikaa nao siku 3. Nikabandika manjano, ikapiga kelele. Nikabandika nyeupe, ikawa kama tundu. Siku ya nne nikachukua mkasi, nikaikata bluu ile katikati kwa kukisia, bila rula, nikaingiza utepe mwekundu uliobaki kwenye kola ya gauni, nikashona pande zote mbili, nikapiga pasi. Mstari ukatoka umepinda kidogo kama kijia cha miguu. Basi bluu zote zikaamka. Nilisimama pale ukutani nikacheka peke yangu. Furaha ile siwezi kuilinganisha na ya kumaliza kazi iliyopangwa, kwa sababu hakuna aliyeniahidi kwamba itakuja.

Uhuru huu una sheria zake chache, na ni sheria za kitambaa chenyewe. Mshono uwe na upana wa milimita 6 hivi kutoka ukingoni. Chini ya hapo utafumuka ukifuliwa. Kila mshono unakula milimita 12, yaani 6 kila upande, na watu husahau. Unganisheni vipande 20 vya sentimita 5 kila kimoja: mtadhani mmepata mita nzima, kumbe mishono 19 imemeza karibu sentimita 23 na mmebaki na 77. Pasi ipigwe kila baada ya mshono. Na nyekundu isiyoaminika ijaribiwe kwanza: ilowesheni, ibaneni na kitambaa cheupe, muone kama inatoa rangi. Mimi sikufanya hivyo mara moja, na kazi ya miezi ikatoka kwenye maji ina madoa ya waridi yasiyofutika. Niliumia. Bado naulalia mfarishi ule, na madoa yale nimeyazoea, lakini jaribuni nyekundu zenu.

Kosa jingine mtakalokutana nalo ni uso kututumka katikati kama andazi. Hutokana na vipande vilivyokatwa mshazari, ambavyo huvutika mkononi. Dawa yake nayo ni kushona: bana sehemu iliyotutumka, ikunje, pitisha mshono juu ya mkunjo, kata ziada. Umepata mstari mpya ambao hukuupanga. Kipande kikipungua, ongezea. Kikizidi, kata, na ulichokata kirudishe kapuni.

Kuna watu walioifikisha kazi hii mbali sana, na nisipowataja nitakuwa nimewadhulumu. Katika kona ya mto Alabama, Marekani, kuna kijiji cha Gee's Bend. Wanawake wake, wajukuu na vitukuu wa watu waliotumikishwa utumwani katika shamba la pamba pale pale, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, magunia na vipande vyovyote vilivyopatikana. Nyumba zao zilipitisha baridi, ndiyo sababu ya kwanza ya kushona. Lakini angalieni walivyoshona: mistari inayokatika ghafla, miraba iliyoinama, goti la suruali lililobaki na bluu yake palipokuwa na kiraka huku pembeni pamepauka kwa jua. Mtindo wa kila mmoja kufuata jicho lake wenyewe huuita kwa maneno yenye maana ya "njia yangu". Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha katika makumbusho ya Whitney huko New York, na mwaka 2006 ikatolewa kwenye stempu za Marekani.

Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu akazishona mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike nazo. Bintiye Arlonzia alimsaidia na ndiye aliyekuja kusimulia. Nimeutazama katika picha mara nyingi. Una bluu za suruali, kijivu, weupe uliochafuka, na vipande virefu vilivyokaa kama miguu na mikono ya mtu aliyelala. Mchoro gani ungeweza kumpangia mjane yule mahali pa kuweka goti la mumewe?

Tena wako Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika. Mababu zao wengi walipelekwa huko kama watumwa. Mifarishi yao huitwa kawandi, na namna wanavyoijenga inanifurahisha sana. Hawaanzi katikati. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza pembeni, wanakunja ukingo wa kila kipande na kukishona kwa mkono, mishono ya bandi ikizunguka na kuzunguka mpaka wanakutana na katikati. Pale kati ndipo mambo yote yanapoamuliwa, nafasi ikiwa imebaki ndogo na kapu limepungua. Mwishowe pembe zote 4 zinawekewa phula, vitambaa vidogo vilivyokunjwa, maana yake ua. Wao huona mfarishi usio na maua hayo haujavaa nguo.

Nimejaribu mwenyewe kushona kwa kuzunguka hivyo. Kufika katikati, nafasi iliyobaki haikutosha hata kiganja, na kapuni kulikuwa na kipande kimoja tu cha ukubwa ule: mfuko wa shati la baba yangu, ukiwa bado na alama ya wino wa kalamu iliyovuja. Nilikuwa nimekiruka muda wote, nikikiona hakifai. Kilienea pale bila kukatwa.

Ninaona mfarishi umerudi mbele, asanteni. Sasa kapu liko mezani. Njooni wanne wanne. Kila mtu achukue kipande kimoja anachokipenda na kimoja anachokiona kibaya, na kile kibaya ndicho aanze nacho. Mikasi yenye mpini mweusi ndiyo mikali. Pasi imeshapata moto.