Wasioipigia Bendera Saluti

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu.

Nimeombwa nizungumzie dini, sheria na siasa za Marekani. Uwanja huo ni mpana mno, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye jambo moja linalonigusa. Mimi ni Mwislamu, na watoto wangu wanasoma shule za serikali hapa. Uhuru wao wa kunyamaza wakati darasa zima linasoma kiapo cha bendera waliupigania Mashahidi wa Yehova, watu ambao itikadi yao na yangu haziko pamoja hata kidogo. Deni hilo nalikiri mbele yenu.

Mwaka 1935, katika mji wa wachimba makaa ya mawe uitwao Minersville, Pennsylvania, mtoto wa miaka 10, Billy Gobitas, alikataa kuipigia bendera saluti wakati wa kiapo. Dada yake Lillian, wa miaka 12, akafuata. Kwao saluti ile ilikuwa ibada, na ibada ni ya Mungu peke yake. Tena siku hizo mkono ulinyooshwa mbele, ukafanana kabisa na saluti ya Wanazi. Bunge lilikuja kuibadilisha Desemba 1942, mkono ukawekwa kifuani. Shule iliwafukuza wote wawili.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Juni 1940, wakati majeshi ya Hitler yanaimeza Ufaransa, majaji wanane dhidi ya mmoja walisema shule ina mamlaka ya kuwalazimisha. Hukumu iliandikwa na Felix Frankfurter, Myahudi mzaliwa wa Vienna aliyeletwa Marekani akiwa mtoto. Hapo huwa nasimama. Aliipenda nchi iliyompokea, akaamini kwamba umoja wa taifa ndio usalama wa kila mtu. Namwelewa, maana hata sisi wahamiaji tuna haraka ya kuonyesha kwamba tunaipenda nchi hii, na katika haraka hiyo tunaweza kumkanyaga aliye mdogo kuliko sisi. Jaji Harlan Stone alipinga peke yake.

Kilichofuata ni aibu. Wiki ile ile ya hukumu, kundi la watu lilichoma ukumbi wa ibada wa Mashahidi huko Kennebunk, Maine. Huko Richwood, West Virginia, Mashahidi walikamatwa, wakanyweshwa kwa nguvu mafuta ya mbarika, dawa ya kuharisha, wakafungwa kamba na kutembezwa mjini, na afisa wa polisi alikuwa miongoni mwa waliowatenda hayo. Mahakama ikisema mtu anaweza kulazimishwa, wako mtaani watakaojitolea kumlazimisha.

Januari 1942, jimbo hilo hilo la West Virginia liliamuru saluti katika shule zake. Gathie na Marie Barnett, dada wawili, wakafukuzwa. Safari hii Mahakama ya Juu iligeuka: Juni 14, 1943, Siku ya Bendera, vita vikiwa vinaendelea, majaji sita dhidi ya watatu waliifuta hukumu ile ya 1940. Robert Jackson ndiye aliyeandika, na hukumu yake naisoma tena na tena. Aliiegemeza kwenye uhuru wa kusema, hivyo inamlinda hata asiye na dini yoyote. Alisema hakuna ofisa, mkubwa wala mdogo, mwenye mamlaka ya kutangaza msimamo sahihi katika siasa, uzalendo au dini. Na kwamba haki za msingi hazipigiwi kura. Hazingoji nani ameshinda uchaguzi.

Natamani hadithi ingeishia hapo. Siku saba tu baadaye, Juni 21, majaji wale wale kwa kauli moja walibariki amri ya kutotoka nje usiku iliyowalenga Wamarekani wenye asili ya Japani. Aliyeipinga amri hiyo mahakamani ni Gordon Hirabayashi, mwanafunzi wa dhehebu la Marafiki, yaani Quakers, wale wale ambao ndugu zetu wa Kaimosi, Kenya, wanawafahamu vizuri. Mwaka 1944, katika kesi ya Korematsu, Mmarekani mwingine mwenye asili ya Japani, wengi wao waliidhinisha watu hao kuondolewa makwao. Watu wapatao 120,000 waliishia kambini. Jackson alipinga, lakini wengi wa wenzake waliosimama naye kwa ajili ya akina Barnett, kama Hugo Black, hawakuwa upande wake.

Mwaka 2018 Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba uamuzi wa Korematsu ulikuwa kosa kubwa. Aliyaandika hayo ndani ya hukumu iliyoruhusu, kwa kura tano dhidi ya nne, marufuku ya kuingia Marekani kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia ikiwemo. Wasomali walioko ukumbini humu wanajua marufuku ile ilitenganisha nyumba ngapi.

Kwetu pia jambo hili lipo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa.

Sasa, kina mama wameniuliza kama mtoto anaweza kuadhibiwa kwa kunyamaza wakati wa kiapo. Shule ya serikali haina mamlaka ya kumlazimisha akitamke. Shule binafsi ni habari nyingine, kwa sababu Katiba inaifunga serikali. Na kuna majimbo, Florida mojawapo, yanayodai mzazi aandike barua kwanza. Basi mwandikieni mkuu wa shule, kwa adabu, mkiitaja kesi ya West Virginia dhidi ya Barnette, 1943 (ndivyo mahakama ilivyoliandika jina la akina Barnett). Jirani wa dini nyingine akihitaji barua kama hiyo, na Kiingereza chake hakijakaa sawa, kaeni naye muiandike pamoja.

Karibuni maswali.