Picha Si Mchoro: Kutayarisha Faili ya Kukatia Chuma kwa Plazma

Asanteni. Mashine mmeiona inavyokata, kompresa na hewa kavu mnavijua, hayo nayaruka. Nataka tukae mezani kwenye kompyuta, maana mabamba mengi yanayotupwa yameharibikia pale, tochi ya kukatia haijawaka bado.

Nitalisema tena kwa sababu faili zinazoletwa ni zile zile: picha si mchoro. Mteja anatuma picha ya geti kwa WhatsApp. Kijana anaiingiza kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, anabonyeza Trace Bitmap, mistari inatokea, anapeleka mashineni. Jamani, programu hapo haikuona ua wala jani, imefuata mpaka wa giza na mwanga tu. Mstari wa wino wenye unene wa milimita 2 unarudi ukiwa mistari miwili, mmoja kila upande wa wino. Tochi inayokula milimita 1.5 ikiifuata yote miwili, katikati unabaki ukanda wa nusu milimita, unajikunja na kuyeyuka, na ua zima limeharibika.

Halafu kuzeni mchoro huo mtazame upinde mmoja. Nukta nne zingetosha, umejazwa mia. Kila nukta inazaa kipande kifupi cha mstari mnyoofu kwenye G-code, yaani maagizo ya mwendo yanayosomwa na mashine. Mashine inapunguza mwendo, inaongeza, inapunguza tena, na moto wa plazma wakati huo unaendelea kula. Ukingo unatoka na meno, na chini ya bamba slegi, chuma kilichoyeyuka, inaganda nene. Mnaanza kulaumu ampea.

Kuna atakayesema: si nabonyeza Ctrl+L kwenye Inkscape, nukta zinapungua? Zinapungua, na kona kali nazo zinaviringika. Kwa jani la mapambo, sawa. Kwa herufi au sahani ya kufungia boliti, hapana. Dawa ni kuchora upya. Weka picha kwenye leya (tabaka) yake, ififishe, ifunge isisogee, kisha chora juu yake kwa mistari minyoofu na matao halisi. Ndiyo, inachukua muda. Shiti ya futi 8 kwa 4 ni ghali kuliko muda huo.

Sasa mianya. Mistari miwili ikiachana kwenye kona hata kwa milimita 0.05, kwa macho huoni kitu, lakini programu inayopanga njia ya tochi haijui tena ndani ni wapi na nje ni wapi. Inapita juu ya mstari bila kufidia chochote, yaani bila kusogea pembeni kwa nusu ya upana wa mkato, au inahesabu kila kipande kuwa mkato wa peke yake. Fremu yenye vipande 40 visivyoungana inaweza kutobolewa mara 40, na nozo na elektrodi huliwa zaidi na kuwashwa mara kwa mara kuliko na urefu wa mkato. Mnalalamika vipuri ni ghali, fungeni mistari! Kwenye Inkscape, chagua nukta mbili za mwisho, bonyeza Shift+J. Kwenye AutoCAD, PEDIT kisha Join. Na msiniambie programu ya kukata inaziba mianya yenyewe. Inaziba, lakini ukiilegeza sana inaunganisha mstari na jirani asiyehusika.

Mistari iliyolaliana ni hatari zaidi. Ifute kwa OVERKILL, amri ya AutoCAD. Ukiiacha, tochi inarudi mahali ambapo chuma hakipo tena. Tao la umeme linarefuka kutafuta bamba, volti inapanda, kidhibiti cha urefu kinadhani tochi iko juu mno, kinaishusha mpaka inagonga.

Herufi. Chukueni KARIBU, neno la kila geti. Ukilikata kama uwazi kwenye bamba, matumbo manne, yaani sehemu za ndani zilizozungukwa na herufi, yanadondoka: la A, la R, na mawili ya B. Kila tumbo linahitaji madaraja mawili ya kulishikilia, na daraja lisiwe jembamba kuliko unene wa bamba, wala chini ya milimita 3 hata kwa bamba jembamba la geji 16. Kwa mageti ya pwani yenye Mashallah kwa Kiarabu, shida inageuka kulingana na ukataji. Ukikata maandishi yawe uwazi, matumbo ya mim na ha ndiyo yanayoanguka. Ukikata maandishi yenyewe yasimame, nukta tatu za shin na hamza zinabaki vipande peke yake, na lazima uziunganishe na mwili wa herufi. Amua hilo kabla ya kuchora.

Muda unakimbia. Upana wa mkato: kata mraba wa milimita 100 bila fidia, upime. Ukitoka 98.5, mkato ni 1.5, fidia ni 0.75 kila upande. Fidia ifanyike mahali pamoja tu. Ukipanua mchoro na programu nayo ikafidia, mraba unatoka 101.5.

Tochi itoboe pembeni ya mstari, milimita 4 au 5: kwa tundu, upande wa ndani, kwa umbo la nje, upande wa nje. Matundu yatangulie, kwa sababu kipande kikishaachia kinahama. Nje zunguka kwa mwendo wa saa, ndani kinyume chake, maana gesi inayozunguka kwenye nozo huacha ukingo wa kulia ukiwa wima zaidi. Tundu lenye kipenyo kidogo kuliko unene wa bamba mara moja na nusu, weka alama ya kati, toboa kwa drili.

Mwisho, vipimo. Faili nyingi za DXF, aina ya faili ya michoro, hubeba namba bila kusema ni milimita au inchi. Kipande cha 600 kikisomwa kama inchi ni mita 15 na zaidi. Mkiifungua faili kwenye programu ya kukata, pimeni upana wote kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mpangilio wa vipande kwenye shiti hatutaufikia leo. Fungueni kompyuta, tuanze na faili za mageti mlizokuja nazo.