Mawaziri Wakuu wa Tanzania, na kiti kilichofutwa kisha kikarudishwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nilipoombwa kuzungumzia historia ya Mawaziri Wakuu wetu, jambo la kwanza nililofanya ni kuandika majina kwa mpangilio tulioukariri tangu shuleni: Nyerere, Kawawa, kisha Kawawa tena, Sokoine, Msuya, Sokoine tena, Salim, Warioba, Malecela, Msuya tena, Sumaye, Lowassa, Pinda, Majaliwa na, tangu Novemba 2025, Mwigulu Nchemba. Orodha hiyo haina kosa, ila inampa msomaji picha ya mnyororo usiokatika, ilhali baina ya Kawawa wa kwanza na Kawawa wa pili ipo miaka tisa na ushei ambayo nchi hii haikuwa na Waziri Mkuu kabisa. Hoja yangu ya leo imeanzia katika pengo hilo. Kiti hiki kimefutwa, kikarudishwa, kikapachikwa umakamu wa Rais na kuvuliwa umakamu huo, na karibu kila mara sababu ya mabadiliko ilitoka nje ya kiti chenyewe.

Tuanze na mwaka 1961. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960, alikuwa Waziri Mkuu Mei 1961 tulipopata madaraka ya ndani, na akaendelea hivyo Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull. Kwa hiyo Waziri Mkuu ndiye aliyekuwa mwenye serikali, kwa mfano wa Westminster, yaani Bunge la Uingereza. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu ili akakijenge upya chama chake, TANU, na nafasi yake ikachukuliwa na Rashidi Mfaume Kawawa.

Naomba tukae kidogo na mwaka huo wa Kawawa, kwa kuwa vitabu vya shule huupita mbio. Katika historia yetu yote tangu uhuru, Kawawa wa 1962 ndiye Waziri Mkuu pekee, ukiziondoa zile siku 44 za Mwalimu, aliyeongoza serikali bila Rais juu yake. Ni kweli kwamba Nyerere alibaki na uongozi wa chama, na hakuna aliyedhani kwamba kauli yake ilikuwa imepungua uzito. Hata hivyo sheria zilizopita bungeni mwaka huo ziliacha alama ya kudumu: Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, sheria ya migogoro ya kazi iliyoubana mno mgomo, na maandalizi ya Katiba ya Jamhuri. Kawawa alikuwa ametoka katika vyama vya wafanyakazi, naye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika mwaka 1955. Mtu aliyekuwa akiitisha migomo ndiye aliyesimamia serikali iliyoifungia mlango. Silisemi hili kwa kumlaumu. Nalisema kwa sababu linatuonyesha mapema tabia ya kazi hii, ambayo humdai mwenye nayo abebe maamuzi ya serikali nzima, hata yale yanayokwenda kinyume na alikotoka.

Ilipofika tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri, Nyerere akawa Rais mwenye madaraka ya utendaji, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kawawa akawa Makamu wa Rais, na baada ya Muungano wa Aprili 1964 akawa Makamu wa Pili, chini ya Sheikh Abeid Karume aliyekuwa wa Kwanza. Zanzibar nayo ilikuwa na mkondo wake: Muhammad Shamte alikuwa Waziri Mkuu hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na Abdullah Kassim Hanga akakishika cheo hicho kwa miezi michache hadi Muungano. Mkondo huo unastahili mhadhara wake peke yake.

Kwa nini basi kiti kikarudi tarehe 17 Februari 1972? Jibu liko mikoani. Mwaka huo serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikavunjwa, na shughuli za mikoa zikahitaji ofisi moja ya kuziratibu, nayo ikawa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kawawa aliirudia kazi aliyoiacha miaka tisa nyuma, safari hii akiwa chini ya Rais na bila kuuacha umakamu wa pili. Tangu hapo Waziri Mkuu wetu amekuwa, kwa asili, mtu wa mikoa na wilaya. Nadhani ndiyo maana mwananchi wa kijijini humjua zaidi kwa ziara zake, kwa namna anavyowahoji watendaji hadharani kuhusu bomba la maji lisilotoa maji, kuliko kwa hotuba zake bungeni.

CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, na siku nane baadaye Edward Moringe Sokoine akateuliwa. Alitoka mwaka 1980, akampisha Cleopa Msuya, mtu wa fedha na mipango aliyeachiwa uchumi uliochoshwa na vita vya Kagera, bei ya mafuta na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sokoine akarudi Februari 1983. Vita yake dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi ndiyo inayokumbukwa, na inakumbukwa kwa namna mbili: wapo wanaomkumbuka kwa bidhaa zilizofichuliwa kutoka maghalani, na wapo waliokamatwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye. Mwanahistoria hana budi kuziweka kumbukumbu zote mbili mezani. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichopo Morogoro kinaitwa kwa jina lake.

Aliyemfuata, Salim Ahmed Salim, ndiye Mzanzibari pekee aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, na hapa tunafika kwenye sehemu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi, aliyetoka Zanzibar, alikuwa Rais. Kanuni ya wakati huo ilitaka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wa Kwanza atoke upande wa pili. Kwa hiyo Joseph Sinde Warioba, na baada yake John Malecela tangu Novemba 1990, walikuwa Mawaziri Wakuu na papo hapo Makamu wa Kwanza wa Rais, huku Rais wa Zanzibar akiwa Makamu wa Pili. Hakuna kipindi kingine baada ya 1962 ambapo Waziri Mkuu alikaa karibu hivyo na kiti cha Rais.

Ukaribu huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1993 wabunge waliojulikana kama G55 walipeleka bungeni hoja ya kuundwa kwa Serikali ya Tanganyika, na serikali, ambayo Malecela ndiye aliyekuwa msemaji wake mkuu humo ndani, ikaikubali badala ya kuipinga. Mwalimu, ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote cha serikali, aliandika kitabu kizima, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akimtaka Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa CCM wawajibike. Desemba 1994 Malecela aliondoka, Msuya akarudi. Katika mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa ili Makamu wa Rais awe mmoja na apatikane kwa utaratibu wa mgombea mwenza, ulioanza kutumika katika uchaguzi wa 1995. Frederick Sumaye alipoapishwa Novemba 1995 alikuta kiti kile kile, lakini njia ya kuelekea Ikulu ilikuwa imehamishiwa mlango mwingine. Rais John Magufuli alipofariki Machi 2021, aliyeapishwa kushika nafasi yake alikuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, na Kassim Majaliwa akaendelea na uwaziri mkuu wake.

Kilichopotea upande wa Ikulu kilifidiwa, kwa kiasi, upande wa Bunge. Mabadiliko ya 1992, yaliyorudisha vyama vingi, yalilipa Bunge uwezo wa kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani. Ibara ya 51 ya Katiba inamtaka awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimbo, na uteuzi wake uthibitishwe na wabunge. Ibara ya 53A inaeleza jinsi wabunge wanavyoweza kumwondoa. Mwaka 2012 wabunge walikusanya saini dhidi ya Mizengo Pinda, hoja ikakwama kwenye masharti ya taarifa ya siku 14, na wiki chache baadaye Baraza la Mawaziri likapanguliwa. Pinda mwenyewe alibaki.

Edward Lowassa hakusubiri kura hiyo. Kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe iliwasilisha taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na tarehe 7 Februari 2008 Lowassa alitangaza bungeni kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Baraza zima la Mawaziri likavunjwa. Hayo yalifanywa na taarifa ya kamati na mjadala wake, bila kura hata moja ya kutokuwa na imani kupigwa.

Nigusie pia cheo kimoja kidogo ambacho mara nyingi wanafunzi huniuliza kiko ibara ya ngapi. Salim baada ya 1985, Augustine Mrema mwaka 1993 na Doto Biteko mwaka 2023 waliteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu. Ukiipekua Katiba ya 1977 ukurasa kwa ukurasa hutakikuta cheo hicho. Rais huona haja akakitoa, haja ikiisha kinatoweka.

Sasa turudi bungeni Dodoma, siku ya kuthibitisha uteuzi. Jina huletwa na mjumbe wa Rais ndani ya bahasha iliyofungwa, Spika huifungua mbele ya wabunge, hulisoma, na muda mfupi baadaye kura hupigwa. Tangu 1995 hakuna jina lililokataliwa. Wabunge wanaotakiwa kuliidhinisha hulisikia pamoja na sisi tulioko nyumbani tukifuatilia redioni, na yeye mwenyewe, akiwa ameketi miongoni mwao, huanza kupongezwa kabla kura ya kwanza haijapigwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.