Kikundi cha Dagaa

ATHUMANI: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu. Leo tulikusudia kuwapa wazazi maswali matatu ya kumuuliza mwalimu, lakini Jumanne jioni binti yangu wa Gredi ya 4 alirudi na daftari lililotoboka jaladani, kwa sababu alikuwa ameisugua picha ya samaki kwa kifutio mpaka karatasi ikachanika. Nilipomuuliza, alinijibu, “Baba, mimi ni dagaa.”

RUKIA: Pole, ndugu yangu. Naamini mwalimu aliwagawa watoto kwa vikundi ili kila mmoja apate kazi inayolingana na uwezo wake, akavipa vikundi majina ya samaki akidhani hayatamuumiza mtu.

ATHUMANI: Vikundi viliitwa Nguru, Tafi na Dagaa, dada Rukia. Mtoto wa Mombasa anayetumwa sokoni anajua kwamba nguru hukatwa vipande na dagaa hupimwa kwa kopo.

RUKIA: Hata angeyaita Asumini, Waridi na Kilua, wangejua. Nilipofundisha Kisauni nilitumia rangi, na baada ya siku mbili kila mtoto alifahamu kijani ni ya nani, kwani watoto hutazama nani ameketi na nani, na nani amepewa kitabu chembamba.

ATHUMANI: Kwa hiyo kosa si la jina, ni la kikundi chenyewe. Mtoto wa jirani yetu ni Nguru, na wiki hii yeye na binti yangu hawakuongozana kwenda shule hata siku moja.

RUKIA: Hapo sikubaliani nawe. Asiyejua kusoma, akisimamishwa mbele ya wenzake 50 asome aya inayomshinda, huaibika kila siku, ilhali katika kikundi kinachomfaa nimemwona mtoto wa namna hiyo akinyoosha mkono kwa mara ya kwanza. Tena, katika utafiti ulioanza mwaka 2005 magharibi mwa Kenya kwenye shule 121, pale ambapo wanafunzi wa darasa la kwanza waligawanywa kwa uwezo, alama zilipanda kwa wepesi na kwa wazito vilevile.

ATHUMANI: Hizo ni alama, na mtihani haumuulizi mtoto alicheza na nani wakati wa mapumziko.

RUKIA: Ndiyo maana Carol Ann Tomlinson, mtaalamu wa elimu wa Marekani aliyeieneza sana mbinu hii ya kumpa kila mtoto kazi inayomfaa, husisitiza vikundi vinavyobadilika. Aliye Dagaa katika kusoma huenda akawa Nguru katika hesabu.

ATHUMANI: Mwalimu mmoja mwenye watoto 60 atavibadilisha saa ngapi? Binti yangu ameketi meza ile ile tangu muhula uanze.

RUKIA: Basi mbebeshe lawama mwenye kumnyima mwalimu huyo msaidizi, usiibebeshe mbinu.

ATHUMANI: Aliyefuta picha ni mtoto, dada, wala hakujua habari za wasaidizi.

RUKIA: Muda umetuishia, na maswali yetu matatu hatujayagusa.

ATHUMANI: Kesho asubuhi naenda shuleni.

RUKIA: Nenda, umuulize vikundi hubadilishwa lini, lakini usimwombe avivunje.

ATHUMANI: Nitamwomba avivunje.